Jino la ng'ombe wa kale: ulisome kwa macho au ulipeleke maabara?

Mjomba wangu alikuwa dalali wa ng'ombe minadani upande wa Magu, na sikumbuki hata siku moja akimuuliza muuzaji umri wa mnyama. Alikuwa anamshika ng'ombe puani, anakunjua mdomo wa chini kwa kidole gumba, anatazama kidogo, kisha anasema: "Meno mawili." Au manne. Au sita. Yakiwa yameshaanza kulegea na kuachana, aliguna tu na kutaja bei ya kuudhi. Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Anayo manane chini, na yale ya ukubwani huja kwa jozi: ya kwanza akiwa na miaka miwili hivi, ya mwisho akikaribia minne. Mjomba hakuwahi kusoma hayo popote.

Nilipokwenda chuo kusoma akiolojia nikakuta kazi ya mjomba ina jina refu, majedwali yake na mabishano yasiyoisha. Siku hizi, kila msimu wa kuandika maandiko ya utafiti ukifika, napata ujumbe kutoka kwa wanafunzi wa kanda hii ya ziwa. Maneno yanatofautiana ila kiini ni kimoja: kaka, tuna meno ya wanyama kutoka kwenye pango la mwamba, msimamizi anasema tuyafanyie isotopu (kupima atomi za elementi moja zinazotofautiana kwa uzito), je, ndiyo njia bora? Nami hurudisha swali: mnataka kujua nini? Hapo ndipo kimya kinaanza. Meno wanayo, hamu ya mashine wanayo, swali hawana.

Basi hizi hapa njia nne, kando kwa kando, kwa mtu mwenye meno yaliyotoka mwambao wa Ziwa Victoria na pesa isiyotosha. Sitazipa nafasi sawa kwa sababu hazistahili nafasi sawa.

Kabla ya njia yoyote

Kwa nini tunahangaika na meno wakati mifupa ipo? Kwa sababu mara nyingi mifupa haipo. Ganda la nje la jino, yaani enameli, ni madini kwa takriban asilimia 96, na ndicho kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Mfupa una kolajeni nyingi, yaani protini inayoushikilia, na kolajeni haipendi joto wala mvua. Kwenye mapango ya miamba yetu ya Mwanza, ambako udongo unatokana na matale (granaiti) yaliyomomonyoka, mfupa unaweza kubaki unga na gego likabaki linang'aa. Kwa sababu hiyohiyo namwambia kila mtu asiweke DNA kama tegemeo la kwanza. Vinasaba vya kale hudumu vibaya kwenye nchi za joto, na kuweka bajeti yote juu yake ni kamari.

Jambo la pili: mfupa hujijenga upya maisha yote ya mnyama, lakini enameli ikishakomaa haibadiliki tena. Gego la ng'ombe mzee bado limehifadhi maji aliyokunywa akiwa ndama. Kumbuka hili, tutalirudia.

Kisha kuna swali linalorukwa na watu wengi: jino ni la mnyama gani? Gego la ng'ombe na la nyati yanafanana kiasi cha kumtoa jasho mtu mwenye uzoefu, na la kondoo na mbuzi ni vivyo hivyo. Ukimwita nyati ng'ombe, umeleta ufugaji mahali ambapo palikuwa na uwindaji tu, na isotopu hazitakuokoa, maana wote wawili hula nyasi na kaboni ya meno yao itasoma karibu sawa. Hata lugha yetu ina mtego wake hapa. Tunasema pembe za ndovu, lakini zile si pembe, ni meno ya mbele ya juu yaliyorefuka. Za kifaru ndizo pembe za kweli kwa maana ya kwamba si meno, na za kiboko tunaziita meno bila tatizo. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuandika kwenye orodha yake "pembe (vipande 3)" na tukapoteza alasiri nzima kujua alimaanisha tembo, ngiri au ng'ombe.

Na kama kwenye tabaka unaloliona la miaka elfu mbili umekuta mfupa wa sangara, simamisha kazi. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Maana yake panya, mzizi au jembe la mtu limechanganya tabaka zako, na meno yako nayo hayana tena anwani.

Kwa macho: kuota na kusagika

Hii ndiyo njia ya mjomba, ila wanaakiolojia hawatumii meno ya mbele. Hayo hudondoka kwenye taya mapema na kupotea. Tunasoma magego ya taya la chini: lipi limeota, la utotoni limeshatoka au bado, na uso wa juu umesagika kiasi gani. Mwaka 1973 Sebastian Payne, akifanya kazi na mataya ya kondoo na mbuzi ya Aşvan Kale huko Uturuki, alipanga hatua za umri kwa herufi A hadi I. Akaonyesha kwamba ukizihesabu unaweza kukisia mfugaji alikuwa anafuata nini. Anayefuga kwa ajili ya nyama huchinja madume machanga yakishajaza mwili. Anayefuga kwa maziwa huwaondoa wachanga mapema mno ili maziwa yabaki kwa watu. Anayefuga kwa sufu huwaacha wazeeke. Mwaka 1982 Annie Grant akatoa michoro ya kusagika kwa meno ya ng'ombe, kondoo na nguruwe, ambayo hadi leo watu huibandika ukutani.

Faida zake hazihitaji kampeni. Unahitaji mwanga mzuri, lenzi ya mkononi, karatasi ya michoro na subira. Haiharibu kitu. Unaweza kuifanya ukiwa umekaa kwenye chumba cha kuhifadhia vitu Mwanza bila kumwomba mtu wa nje chochote.

Sasa kasoro, na hapa nakaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi viliandikwa mbali na zizi la Msukuma.

Ile picha ya maziwa, ya kuchinja ndama mapema, inachukulia kwamba ng'ombe ataendelea kutoa maziwa ndama wake akishaondoka. Mwulize mfugaji yeyote wa ng'ombe wa asili. Ng'ombe wetu wa kizebu, wale wa nundu, huzuia maziwa ndama asipokuwepo. Lazima anyonyeshe kidogo ndipo ashushe. Mfugaji aliyeishi kwa maziwa kwenye mwambao huu hakuwa na sababu ya kuua ndama, alikuwa na sababu ya kumlinda. Kwa hiyo ukikuta mataya machache ya ndama, usikimbilie kuandika "hawakutegemea maziwa". Huenda ni kinyume chake kabisa. Na ukikuta ng'ombe wazee wengi, majike yenye magego yaliyosagika hadi karibu na ufizi, usidhani mfugaji alikuwa mvivu wa kuchinja. Kundi ni akiba, ni mahari, ni neno la mtu mbele ya wenzake. Jike huchinjwa akishamaliza kazi hizo zote.

Halafu kuna fisi na mbwa. Taya la ndama ni laini na hutafunwa lote, la ng'ombe mzima hubaki. Udongo nao hula la mnyama mdogo kwanza. Kundi lako la mataya linaweza kuonekana la wazee kwa sababu tu wadogo hawakudumu. Na majedwali ya umri mengi yametokana na mifugo ya Ulaya iliyolishwa vizuri. Gego la tatu lililoandikwa kwamba huota kati ya miezi 24 na 30 linaweza kuchelewa kwa mnyama wa asili aliyepitia kiangazi kikali.

Kubwa kuliko yote: njia hii inataka idadi. Mataya matano si kundi, ni mataya matano. Ukiwa na ishirini au thelathini unaweza kuanza kuchora mstari na kuutetea mbele ya msimamizi. Pango dogo la mwamba mara nyingi halikupi hayo.

Mfano mzuri wa umri kutoka ziwa hili hili hauhusu mifugo kabisa. Kisiwani Rusinga, upande wa Kenya, kuna visukuku vya Rusingoryx, mnyama wa jamaa ya nyumbu aliyekwishatoweka, vya miaka inayokadiriwa kufikia takriban 68,000. Watafiti walitumia meno kupima umri wa wanyama waliokufa pale, wakatoa hoja mwaka 2017 kwamba kundi liliuawa kwa pamoja na kwamba watu walihusika kwa mbinu ya kuwinda. Wangekuwa na meno matatu tu, hoja hiyo isingezaliwa.

Kwa maabara: isotopu

Hapa ndipo hamu ilipo, na si bure. Wakati kusagika kunakuambia mnyama alikufa lini katika maisha yake, isotopu zinakuambia aliishije: alikula nini, alikunywa wapi, alizaliwa kwenye mwamba gani. Jino moja linaweza kusema. Kwa mwenye meno manne, hilo ni jambo kubwa.

Kazi yenyewe ni kukwangua unga kidogo wa enameli kwa keekee ndogo ya daktari wa meno na kuupeleka kwenye mashine inayotenganisha atomi kwa uzito. Gego la ng'ombe hukua kutoka kileleni kwenda shingoni kwa miezi mingi, kwa hiyo ukikwangua mistari midogo kutoka juu hadi chini unapata kitu kama shajara. Epuka gego la kwanza, maana hujengwa wakati ndama bado yuko tumboni na anaponyonya, na utakuwa unasoma mwili wa mama. La pili na la tatu ndiyo ya kutumia. Epuka dentini pia, ile sehemu ya jino iliyo chini ya enameli; hunywa udongo ambamo imezikwa.

Lakini isotopu si kitu kimoja. Wanafunzi husema "isotopu" kama vile mtu anavyosema "dawa". Zipo tatu za kufikiria, na kwenye mwambao huu hazina thamani sawa.

Kaboni hutofautisha nyasi za nchi za joto na majani ya miti na vichaka. Ng'ombe karibu popote kanda hii atasoma nyasi. Umelipa pesa kuambiwa ng'ombe anakula nyasi. Na usidhani utaona kilimo humo, kwani mabua ya mtama na ulezi yako kundi moja na nyasi, hayatofautiki. Kaboni ina maana ukiwapima wanyama wanaochagua: mbuzi, na hasa wale wa porini kama swala pala ambaye hula vyote viwili kulingana na kilichopo. Hapo unasoma mandhari.

Ndicho kilichotokea Gogo Falls, eneo la kale kwenye Mto Kuja, kusini-magharibi mwa Kenya. Watu wa pale, miaka kati ya 1,900 na 1,600 iliyopita, walifuga ng'ombe, kondoo na mbuzi, lakini waliwinda na kuvua sana. Kwa muda mrefu maelezo yalikuwa kwamba palikuwa na vichaka, vichaka vina mbung'o, mbung'o hueneza nagana, ugonjwa wa mifugo, nayo mifugo ikashindwa kustawi. Maelezo yenye mantiki kabisa kwa mtu yeyote anayejua mbung'o. Mwaka 2015 watafiti wakachapisha vipimo vya enameli ya meno 86 ya wanyama walao majani kutoka pale, wa kufugwa na wa porini. Mifugo na wengi wa wanyama wa porini walikuwa wamekula nyasi kwa wingi. Mandhari yalikuwa ya mbuga, si kichaka cha mbung'o. Watu walikuwa wakivua na kuwinda kwa sababu nyingine, pengine kwa sababu ziwa na mto vilikuwa pale na samaki ni watamu. Hayo ya utamu ni maneno yangu. Tazama lakini kilichofanya kazi: palikuwa na swali lililokwisha kuulizwa, na meno ya wanyama wa porini yalikuwa na uzito kuliko ya ng'ombe.

Oksijeni hufuata maji. Kwingineko hupendwa kwa sababu huonyesha majira: mvua na kiangazi vikipanda na kushuka kwenye gego kama mawimbi. Hapa kwetu ina tatizo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha. Ziwa Victoria hupata maji yake mengi kutoka mvua inayolidondokea moja kwa moja na kupoteza mengi kwa mvuke, kwa hiyo maji yake yana saini yake yenyewe, na halibadiliki haraka kama kijito cha mvua. Ng'ombe aliyeshushwa ziwani kunywa kila siku hunywa wastani wa mwaka mzima. Mawimbi ya masika na vuli yanalainika. Mstari ulionyooka kwenye gego lake unaweza kumaanisha alikunywa ziwani, na hilo lenyewe ni habari, lakini usiutumie kusema alizaliwa mwezi gani.

Strontiamu ndiyo ninayoipigia debe. Hutoka kwenye mwamba, huingia udongoni, hupanda kwenye majani, mnyama hula, nayo hukaa kwenye enameli mahali pa kalsiamu. Kinachopimwa ni uwiano wa strontiamu-87 kwa strontiamu-86: mwamba wa kale una uwiano wa juu, mwamba wa volkano wa umri mdogo una uwiano wa chini. Na kaa utazame tulipo. Mawe haya yanayofanya jiji letu liitwe Jiji la Miamba ni matale ya kale mno, ya zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Ukienda mashariki hadi mbuga za Serengeti zilizofunikwa na majivu ya nyanda za juu za Ngorongoro na Ol Doinyo Lengai, kisha Bonde la Ufa, unaingia kwenye mawe machanga ya volkano ambayo uwiano wake huwa karibu 0.704 au 0.705, chini kabisa ya matale. Ni vigumu kupata nchi iliyopangwa vizuri zaidi kwa kipimo hiki. Ng'ombe aliyekulia kwenye majivu akaja kuchinjwa juu ya matale ya Mwanza ataonekana. Swali la kama mifugo ilibadilishwa, ilitolewa mahari, iliibwa au ilihamishwa kutoka mashariki kuja ziwani linaweza kujibiwa na gego moja lililokwanguliwa juu na chini.

Wenzetu wamefanya hivi na meno ya tembo pia: mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliotumia isotopu kadhaa, strontiamu ikiwemo, kufuatilia ndovu wa biashara ya karne ya 19 Afrika Mashariki walitoka wapi. Misafara iliyopita Unyanyembe kwenda Bagamoyo haikuandika risiti, lakini meno yaliandika.

Kasoro ya strontiamu ni kwamba lazima ujue ardhi yako kwanza. Bila kupima majani, konokono au panya wa sehemu mbalimbali za kanda, namba uliyoletewa ni namba tu. Kasoro ya isotopu zote ni kwamba unaharibu jino, kidogo lakini kwa kudumu, na kwamba sampuli nyingi huishia nje ya nchi. Mimi niliwahi kusubiri majibu ya maabara moja ya nje kwa muda ambao mtoto wa jirani alijifunza kutembea. Yalipokuja, vichupa viwili vilikuwa vimebadilishana majina.

Mikwaruzo na pete

Nazipitia haraka. Mikwaruzo midogo juu ya uso wa gego, inayoonekana kwa hadubini baada ya kuchukua umbo lake kwa silikoni, huonyesha mlo wa siku au wiki za mwisho tu. Ni nzuri kama unataka kujua mnyama alikuwa amefungwa na kulishwa kabla ya kuchinjwa, au aliuawa wakati gani wa malisho. Kuna binamu yake rahisi, kutazama kwa macho kama vilele vya magego ni vikali au butu, ambako hakuhitaji chochote. Vilele vikali huelekea kwa wala majani laini ya vichaka, butu kwa wala nyasi. Ifanye tu, haikugharimu kitu.

Pete za mzizi, zile tabaka za sementamu (ganda linalofunika mzizi wa jino) zinazohesabiwa kama pete za mti, hutoa umri na majira ya kufa. Zinapendwa sana kwenye nchi zenye baridi kali. Sisi tuna mvua mbili kwa mwaka, na pete zinaweza kuja mbili, moja au kuchanganyikana, na lazima ulikate jino vipande. Sijamshauri mtu yeyote wa Mwanza aanze na hiyo.

Sasa, wewe uchukue ipi

Kama una mataya mengi na huna pesa, soma kwa macho, na uandike wazi kwamba picha ya maziwa ya Payne haimfai ng'ombe wa kizebu. Kama una meno machache yenye tabaka safi na swali lako ni la mwendo, biashara au mahari, strontiamu, na uanze kuomba pesa ya kupima ardhi kabla ya kuomba pesa ya kupima meno. Kama swali ni la mandhari au mbung'o, kaboni kwa wanyama wa porini na mbuzi. Kama tabaka lako ni la watu wa vyungu vya Kansyore, wavuvi na wawindaji waliokuwepo kabla ya mifugo na ambao vyungu vyao vilipatikana pia Nyang'oma karibu na Mwanza kwenye utafiti wa Soper na Golden uliochapishwa mwaka 1969, basi majedwali ya kuchinja mifugo yaweke kando kabisa. Hapo tafuta meno ya wanyama wa porini, na usipuuze mabamba ya meno ya kamongo. Ni magumu, hudumu, na watu huyatupa wakidhani ni vipande vya mawe.

Kama meno umeyaokota shambani au kwenye ujenzi, usichimbe zaidi. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa uchimbaji, na kutoa sampuli nje ya nchi kunataka ruhusa yake tofauti. Piga picha, andika mahali, toa taarifa.

Na haijalishi umechagua njia gani, pitia machinjioni. Vichwa vya ng'ombe na mbuzi huuzwa kwa ajili ya supu. Nunua kichwa kila unapoweza, muulize aliyemleta mnyama ametoka wapi na ana umri gani, chemsha, tenga taya la chini, andika kwa wino usiofutika. Baada ya mwaka utakuwa na mataya ya Misungwi, Magu na Sengerema yenye umri unaojulikana, wa ng'ombe wa kwetu, na jedwali la Uturuki utaliweka ukutani kama pambo. Supu kunywa.